Nick Drake: tuache habari za kaburi, tusikilize kidole gumba

#1 – Mleta uzi

Wakuu, kila ninapokuta watu wanamzungumzia Nick Drake, stori inaanzia msibani. Kijana wa Kiingereza, mpole, albamu tatu, wanunuzi hakuna, akafa na miaka 26, basi. Kuanzia hapo kila wimbo wake unasikilizwa kama barua ya kuaga. Nimechoka. Mimi namsikiliza huyu bwana miaka mingi sasa, na ninachokisikia ni fundi, mtu aliyejua barabara anachokifanya na nyuzi sita. Uzi huu ni wa kazi yake. Msiba tutaugusa, hauwezi kurukwa, ila hautakaa kiti cha mbele.

Kwa wasiomjua: alizaliwa tarehe 19 Juni 1948 Rangoon, Burma, baba yake Rodney akiwa mhandisi wa kampuni ya Bombay Burmah. Familia ikarudi Uingereza Nick bado mdogo, wakakaa kijiji cha Tanworth-in-Arden, Warwickshire, kwenye nyumba iitwayo Far Leys. Mama yake, Molly, alikuwa akipiga piano na kutunga nyimbo zake mwenyewe, na mzee Rodney akizirekodi hapohapo nyumbani. Rekodi za mama zimekuja kutolewa wenyewe wote wameshatangulia. Zitafuteni. Ukizisikia unaduwaa, maana ule mtindo wa kodi (zile noti zinazopigwa kwa pamoja) inayogeuka kona usiyoitarajia, na sauti inayoimba kana kwamba haitaki kumwamsha mtu chumba cha pili, mtoto kaurithi mzimamzima.

Akasoma shule ya Marlborough, 1967 akakaa miezi kadhaa Aix-en-Provence, Ufaransa, na Oktoba mwaka huohuo akaingia Cambridge, chuo cha Fitzwilliam, fasihi ya Kiingereza. Masomo hayakumkolea. Gitaa ndilo lililomkolea. Alipokuwa bado mwanafunzi alipiga Roundhouse, London, na katika watazamaji alikuwemo Ashley Hutchings, mpiga bezi wa Fairport Convention, bendi ya foku (muziki wa kienyeji) ya Kiingereza. Hutchings akapeleka jina lake kwa Joe Boyd, prodyuza kijana wa Kimarekani aliyekuwa na kampuni yake, Witchseason. Boyd akasikiliza tepu, akampa mkataba.

Albamu ya kwanza, Five Leaves Left, ilitoka 1969. Jina lenyewe ni lile onyo lililokuwa kwenye pakiti za karatasi za kusokotea sigara za Rizla, kwamba yamebaki majani matano. Ilirekodiwa studio ya Sound Techniques, Chelsea, jengo ambalo zamani lilikuwa la maziwa, na fundi mitambo alikuwa John Wood. Likaririni hilo jina. Sauti mnayoisikia mpaka leo, gitaa lile linalosikika kama liko mita moja mbele ya pua yako, ni kazi ya Wood.

Naendelea, nipeni nafasi.

#2

Nimeweka kiti. Ila mkuu, miye nikisikia jina hili nakumbuka tangazo la gari tu.

#3 – Mleta uzi

Tangazo tutalifikia, tulia.

Kuna kisa kimoja cha albamu hiyo ya kwanza ambacho kinampindua kabisa yule Nick Drake wa kwenye hadithi, mnyonge asiyejua kujisemea. Boyd alileta mpangaji muziki mzoefu, Richard Hewson, aandike sehemu za fidla na chelo. Zikaandikwa, zikapigwa. Nick hakuzitaka. Kwa ile sauti yake ya chini akasema anaye rafiki pale Cambridge anayeweza kufanya vizuri zaidi. Hebu fikirieni: una miaka 20, hujawahi kutoa hata wimbo mmoja, unamwambia prodyuza kwamba fedha aliyotumia imekwenda bure na kazi apewe mwanafunzi mwenzako. Mwanafunzi huyo, Robert Kirby, hakuwa amewahi kufanya kazi studio. Akaja. Matokeo yake mojawapo ni Way to Blue, wimbo usio na gitaa hata kidogo, ni sauti ya Nick na nyuzi za Kirby peke yake. Mpiga gitaa wa kiwango kile anaweka gitaa chini kwa sababu wimbo haulihitaji! Unyonge uko wapi hapo?

Wimbo mmoja Kirby alishindwa kuushika, River Man, akaitwa mtu mzima, Harry Robinson. Hesabuni mapigo yake: moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu unaanza upya. Mapigo matano kwa kila kipande, na wimbo unateleza kama maji, hata hugundui kwamba guu limekosa pa kukanyaga. Waliurekodi pamoja, Nick na gitaa lake, wapiga fidla wakiwa naye chumbani.

#4

Safi. Swali la mpiga gitaa wa chumbani: mbona nikijaribu kufuatisha kodi zake kwenye gitaa langu hazikai? Vidole vinagoma kufika.

#5 – Mleta uzi

Hazikai kwa sababu gitaa lake halikuwa limetyuniwa kama lako. Hapa ndipo uzi unapoanza hasa.

Gitaa la kawaida, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni E A D G B E. Kwa wimbo Pink Moon yeye aliweka C G C F C E. Yaani ule mnene kabisa unaushusha kutoka E hadi C, hatua mbili nzima. A inashuka kuwa G, D inakuwa C, G inakuwa F. Uzi wa pili, B, huo unaupandisha nusu hatua uwe C. Ule mwembamba hauguswi. Kisha unabana kapo, kile kibanio cha nyuzi, fleti ya pili. Sasa piga nyuzi zote bila kubonyeza chochote, utasikia Nick Drake ameingia chumbani kwako.

Kinachotokea ni hiki. Nyuzi nene zikilegezwa hivyo zinanguruma, zinakaa hewani muda mrefu. Kidole gumba kinatembea juu yake bila kusimama kama mtu anayepiga bezi, na vidole vingine vinacheza melodi juu. Mkono wa kushoto unaweza kubonyeza uzi mmoja au miwili tu na nyingine zikabaki wazi zikiita. Zile kodi ulizokuwa unahangaika nazo, kwake zilikuwa vidole viwili.

Mkono wa kulia ni habari nyingine. Sikiliza gumba peke yake, nyimbo nzima, sahau maneno. Halichelewi, haliwahi, na halipigi kwa nguvu zaidi pale sauti inapopanda. Sauti yenyewe inachelewa makusudi, inaingia baada ya pigo, kama mtu anayefika mkutanoni wenzake wameshakaa. Kuimba nyuma ya pigo huku gumba lako mwenyewe liko juu ya pigo, jaribu leo jioni uone. Ni kama kupiga soga huku unahesabu hela.

#6

Mleta uzi umenikumbusha Mwenda Jean Bosco. Yule wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akamrekodi 1952. Naye ni gumba na kidole cha shahada tu, ila unadhani wako watatu.

#7 – Mleta uzi

Mkuu sidai kwamba Nick alimsikia Bosco, sina ushahidi. Ila sikio lako liko sahihi, ni ugonjwa uleule: mtu mmoja anakataa kuwa mtu mmoja. Tofauti ni kwamba Bosco anakuchezesha na huyu anakukalisha.

Na kwa kuwa umeigusa Afrika, kuna mambo mawili ambayo waandishi wengi wanayapita mbio. Tumba mnazozisikia kwenye Three Hours, albamu ya kwanza, ni za Rocki Dzidzornu, Mghana, huyohuyo aliyepiga tumba kwenye Sympathy for the Devil ya Rolling Stones. Na piano ya Poor Boy, albamu ya pili, ni ya Chris McGregor wa Afrika Kusini. McGregor na kundi lake la Blue Notes, weupe na weusi jukwaa moja, waliondoka kwao 1964 kwa sababu ya ubaguzi, wakaishia London, na Boyd ndiye aliyekuwa akimrekodi huko. Sikilizeni piano hiyo, imejaa mizaha, inamtania mwimbaji anayejihurumia. Nyuma wanaitikia Doris Troy na Pat Arnold, wanawake wa soul kutoka Marekani. Wimbo wote ni utani. Mtu anaimba "masikini mimi" na kwaya inamcheka. Halafu tunaambiwa jamaa hakuwa na ucheshi.

#8

Hapo kwenye albamu ya pili ndipo tutakapokosana. Bryter Layter imejaa sukari. Saksafoni, filimbi, fidla, ngoma, mpaka unamtafuta mwenye albamu humuoni. Nyimbo tatu hazina hata maneno. Hiyo ni albamu ya Boyd, si ya Drake.

#9 – Mleta uzi

Nusu nakubali. Ilitoka Machi 1971, na ndani mna Dave Pegg wa bezi na Dave Mattacks wa ngoma, wote Fairport Convention, yuko Ray Warleigh na saksafoni, na John Cale aliyekuwa bendi ya Velvet Underground. Msongamano upo, sikatai.

Lakini zile tatu zisizo na maneno zilikuwa shauri la Nick mwenyewe. Boyd ndiye hakuzipenda! Kwa hiyo ukizitumia kama ushahidi wa kuonewa, umemshika mtu asiye na kosa. Na Northern Sky, ambayo Cale anapiga selesta (kinanda chenye sauti ya kengele) na piano na ogani, ukiondoa hivyo vyote wimbo unabaki nusu. Ndio wimbo pekee wa Nick ninaoweza kumpigia mtu mwenye furaha.

Udhaifu wa albamu hiyo kwangu uko kwingine. Ngoma. Ukishaweka ngoma juu ya lile gumba, umelifunika. Gumba lilikuwa ngoma tayari.

#10

Mimi nauliza la kibiashara. Prodyuza mzuri, studio nzuri, lebo kubwa ya Island nyuma yake. Kwa nini haikuuza?

#11 – Mleta uzi

Inatajwa kwamba hakuna albamu iliyopita nakala 5,000 alipokuwa hai. Sababu watu wanazijua nusunusu, wanasema aibu. Aibu ilikuwepo, ila tazameni ufundi kwanza.

Kila wimbo au kila nyimbo mbili tatu zina utyuni wake. Leo msanii wa namna hiyo anapanda jukwaani na magitaa manne na kijana wa kumkabidhi. Nick alikuwa anakaa peke yake, akimaliza wimbo anaanza kukaza na kulegeza nyuzi, kimya, dakika zinakwenda, hasemi neno, hatanii, haangalii watu. Fikiria hiyo ndani ya klabu ya foku ambako watu wamezoea kuitikia viitikio na bia mkononi. Soga zinaanza. Septemba 1969 aliwafungulia Fairport Convention pale Royal Festival Hall, ukumbi wa watu waliokaa wakanyamaza, akapokewa vizuri. Huko kwenye klabu ndiko alikokwama. Mwaka 1970 aliacha kupiga hadharani kabisa, kuna onyesho moja alinyanyuka akatoka katikati ya wimbo.

Kwa hiyo kitu kilekile kilichozifanya rekodi ziwe vile ndicho kilichomkwamisha jukwaani. Redioni alifanya kipindi cha John Peel BBC, Agosti 1969. Mahojiano ya gazeti ni moja tu, la Sounds, 1971, na ukiyasoma unamuonea huruma mwandishi. Video yake akiwa mtu mzima anapiga gitaa haipo. Hebu mnadishe bidhaa hiyo.

Kisha Boyd akauza Witchseason kwa Island akarudi Marekani, Los Angeles, kazi ya muziki wa filamu. Mtu aliyekuwa anamsemea akawa ng'ambo ya pili.

#12

Ngoja, kwa hiyo albamu ya tatu, Pink Moon, ilirekodiwa na nani kama Boyd kaondoka?

#13 – Mleta uzi

John Wood. Oktoba 1971 Nick alimpigia simu akamwambia anataka kurekodi. Lebo haikuwa imeagiza albamu. Studio mchana ilikuwa na watu, kwa hiyo waliingia usiku, usiku mara mbili, watu wawili tu ndani ya jengo. Nyimbo 11, dakika 28, ikatoka Februari 1972.

Dakika 28, wakuu. Watu waliona ni fupi mno. Mimi nasema ondoa wimbo mmoja uone pengo lake. Hakuna fidla, hakuna ngoma, hakuna McGregor, ni gumba na sauti. Kitu pekee kilichoongezwa juu ni piano kwenye wimbo wa kwanza, na anapiga mwenyewe. Inaingia mara moja, noti chache zinashuka kama mtu anayeteremka ngazi, haionekani tena mpaka albamu inakwisha. Mtu mwingine angeona piano imependeza akaitia kila mahali.

Wanaosema ile ni albamu ya mtu aliyevunjika, ni kweli alikuwa anaumwa. Sonona ilishamshika. Lakini mkono hautetemeki popote. Msikilizeni Road, vidole vinakwenda kasi na hakuna noti iliyomezwa. Na wimbo wa mwisho, From the Morning, una mwanga mtupu. Mstari wake mmoja ndio uliochongwa nyuma ya jiwe la kaburi lake pale kanisani Tanworth-in-Arden.

Ukitaka kusikia mkono ulioshindwa, nenda kwenye nyimbo za 1974. Boyd alikuwa amerejea London, wakaingia Sound Techniques na Wood kama zamani. Nick hakuweza tena kupiga na kuimba kwa pamoja. Yule niliyewaambia #5 anaimba nyuma ya pigo lake mwenyewe, sasa ilibidi arekodi gitaa kwanza, kisha aimbe juu yake. Nikilijua hilo siwezi kuisikiliza Black Eyed Dog mara mbili kwa siku.

Alifariki nyumbani kwa wazazi wake tarehe 25 Novemba 1974. Dawa alizoandikiwa za sonona zilizidi. Uchunguzi wa kisheria ukaamua kwamba alijiua, na waliomfahamu wamebaki wamegawanyika hadi leo. Mimi sitaongeza hapo.

#14

Pole yake. Sasa tangazo la gari, uliahidi.

#15 – Mleta uzi

Volkswagen, Marekani, 1999. Vijana wanne ndani ya gari wazi usiku, mbalamwezi, Pink Moon inapiga, wanafika kwenye sherehe, wanatazama, wanaamua kurudi barabarani. Ndio hivyo tu. Mauzo yakapaa, watu wakaanza kumtafuta. Kuna wanaokasirika, ati kauzwa. Mimi sikasiriki, ni tangazo ambalo watu wananyamaza wanasikiliza wimbo, si jambo la kila siku.

Lakini tangazo lilimkuta akiwa bado madukani, na hilo lilikuwa kazi ya mtu. Boyd alipouza Witchseason aliweka sharti: santuri za Nick Drake zisifutwe kwenye orodha ya mauzo ya Island. Miaka ambayo hakuna aliyezinunua, zilibaki zinapatikana. Ndiyo maana mwaka 1979 likatoka kasha la Fruit Tree lenye albamu zake zote tatu, ndiyo maana wapiga gitaa wakaendelea kupeana kimyakimya miaka ya themanini. Wasanii wangapi wazuri wa wakati ule walifutwa baada ya miaka miwili tukabaki tunasimuliwa majina tu?

#16

Nisiyejua chochote nianze na ipi?

#17

Five Leaves Left, usiku, bila simu mkononi.

#18

Hapana, Bryter Layter asubuhi. Hao wa usiku ndio waliomharibia jina.

#19 – Mleta uzi

Huyo wa #18 nimempenda. Anza na River Man, kisha Northern Sky, kisha Pink Moon nzima bila kuruka. Ukimaliza rudi kwa mama yake.

Na wapiga gitaa, From the Morning ni B E B E B E. Nyuzi mbili nyembamba zinabaki zilivyo, nne zinashuka. Ni rahisi kuliko ile ya #5, haina uzi wa kupandisha. Ile ya #5 angalieni uzi wa pili, mpandishe taratibu, hasa kama nyuzi zenu ni za muda mrefu.

#20

Mkuu mimi ndiye wa #4. Ushauri umechelewa, nilianza na ile ya #5 tangu jana usiku. Nimeshusha nne zote vizuri, nikaanza kupandisha B kwenda C, uzi umekatika.

Si huu. Wa gitaa.